Jani Lenye Mkia

Yaya alilima, mimi nikasomea majani. Hivyo ndivyo mama alivyotutambulisha kwa wageni, nao walicheka kila mara, kwa sababu kwetu mtu akisema amesomea majani watu wanadhani anatafuta dawa ya wivu. Kweli ni kwamba nilisoma biolojia kwenye chuo cha ualimu hapa Goma. Yaya, dada yangu mkubwa, aliacha shule mapema akaolewa na mkulima wa vilima vya Rutshuru. Walikuwa na mashamba ya maharagwe na viazi, ng'ombe wachache, na binti mmoja. Kwa mama yetu tulikuwa sisi wawili tu.

Volkano ilipomwaga lava mjini, nyumba yetu ilikuwa kwenye njia yake. Tulivuka mpaka wa nchi pamoja na mji mzima, tukiwa na sufuria na godoro ambalo mama alikataa katakata kuliacha. Tuliporudi hatukujua tusimame wapi tuseme hapa ndipo kwetu. Mtaa haukuwepo. Kulikuwa na jiwe jeusi linalofuka mvuke, na bati la jirani limekunjika kama karatasi iliyotupwa. Chini ya jiwe hilo kulibaki nguo zetu, picha ya baba, na kazi yangu yote ya chuo: mimea niliyokausha kati ya magazeti, na kitabu kinene cha Kifaransa kuhusu mimea ya sehemu zetu, ambacho mwalimu wangu aliniachia alipostaafu. Nyumba sikuililia. Nililia kitabu. Mama alinitazama kama anayetazama mtu aliyeanza kuokota matambara barabarani.

Yaya alitufuata. Alipanda lori lililoleta kabichi mjini, akatukuta tumekaa juu ya lile godoro kwenye uwanja wa kanisa, akasema, "Kwangu kuko fasi. Mutakaa mpaka mutachoka."

Tulikaa msimu mzima wa maharagwe. Yaya alitulisha bila kutufanya tujione wageni. Asubuhi aliniamsha twende shambani, na njiani aliniuliza majina ya magugu ili anicheke. Nikimtajia jina la Kilatini, anajibu, "Na linapikwa na chumvi?" Bado nasikia namna alivyolisema. Sina kumbukumbu nyingine ya furaha ya miaka ile, kwa hiyo hii naishika kwa mikono miwili.

Baadaye tulirudi mjini, tukajenga nyumba ya mbao juu ya jiwe lilelile, mimi nikapata kazi ya kufundisha shule ya sekondari. Waasi walikuja, wakaondoka, wakaja wengine kwa jina jingine. Sitajaribu kuwapanga hapa. Anayeishi Goma hahesabu vita, anahesabu nani hajaonekana. Shemeji alikuwa wa kwanza. Mapigano yaliposhuka kwenye vilima vyao alimwambia yaya atangulie na mtoto, yeye atawafuata na ng'ombe. Hatujamwona mpaka leo, wala mwili wake, wala ng'ombe.

Tulisikia kwa watu kwamba kijiji chao kimehamwa. Simu ya yaya haikuita tena. Shule yangu ilifungwa, madarasa yakajaa familia zilizotoka kaskazini, na kila siku nilipita kati yao nikiangalia nyuso. Mama alikaa mlangoni, hakupika wala hakusuka mikeka yake. Alikaa tu.

Walifika asubuhi moja juu ya chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao ambayo watu wetu wanabebea makaa na viazi. Mwenye chukudu, mwanaume mtu mzima aliyejaa vumbi jeusi mpaka kwenye kope, alikuwa ameshusha magunia yake ya makaa njiani ili awabebe. Yaya alilala kwa ubavu juu ya ubao, magoti yamekunjwa. Mtoto alikaa nyuma yake amemshika nguo, mfuko wao mapajani.

"Mama, hapa njo kwa mwalimu?" yule mwanaume aliuliza. "Nimewaokota huku juu ya barabara. Wanatapika tangu jana. Huyu mukubwa ameshindwa kutembea."

Akaondoka kabla hatujampa hata maji. Aliogopa kolera, na sikumlaumu. Mji mzima ulikuwa unaogopa kolera.

Tulimwingiza yaya ndani. Midomo yake ilikuwa imepasuka na alikuwa akishika koo kama mtu aliyekunywa pilipili. Hata hivyo alijaribu kutabasamu.

"Musiogope," alisema. "Si kolera. Ni ile viazi ya pori. Sikuloweka."

"Viazi gani?" niliuliza.

"Ile ya bibi. Unakumbuka bibi alikuwa analoweka mu mutoni, siku mingi, mbele ya kupika? Siye hatukukuwa na wakati. Tulikuwa tumejificha mu vichaka, masasi inalia. Mutoto alikuwa na njaa. Nikachimba, nikaoka mu majivu ya watu wa makaa, tukakula."

Nilimwelewa vizuri. Bibi yetu alijua kiazi kikuu cha porini ambacho watu walikula wakati wa njaa. Ni kichungu, na asiyekiloweka kwenye maji yanayopita anaumwa, anaona kizunguzungu, anatapika. Lakini wengi wanaamka. Nikashika tumaini hilo. Nikamwambia mama achemshe maji, atie sukari na chumvi, na mimi nikamchukua mtoto nimwoshe.

Alikuwa na umri wa kuanza shule. Alikuwa mchafu wa matapishi lakini alisimama mwenyewe. Kichwani alifungwa kitambaa, na kwenye fundo la kitambaa alikuwa amechomeka ua.

"Umelitoa wapi?" nilimuuliza.

"Kwa ile viazi, mama mudogo. Lilikuwa linaning'inia juu. Mama alichimba chini yake."

Nililitoa kwenye fundo. Lilikuwa limenyauka, ila sehemu zake zote zilikuwepo, na mikono yangu ilianza kazi kabla akili haijakubali. Petali sita, nyembamba, kingo zake zina mawimbi, zimekunjika kwenda nyuma zote kama nguo ya mtu aliyepulizwa na upepo kutoka chini. Karibu na shina zilikuwa njano, na kuelekea nchani zilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Maua ya kiazi kikuu ni madogo kama punje za ulezi, yana rangi ya kijani isiyomvutia mtu yeyote. Hakuna mtoto aliyewahi kuchomeka ua la kiazi kikuu kichwani.

Nikauliza mfuko wa yaya uko wapi.

Ulikuwa mfuko wa plastiki wa mchele. Ndani kulikuwa na kitenge, sufuria ndogo, na mafungu ya viazi ambavyo hawakuvimaliza. Yaya, mkulima hasa, alikuwa amevifunga vizuri kwa kamba ya mmea wenyewe, shina na majani yake. Nilivitoa nje, nikakaa juu ya jiwe mwangani, nikavifungua.

Mwalimu wangu wa chuo alitufundisha kuutambua mmea kwa maswali, kila swali lina njia mbili, ukichukua moja nyingine inafungwa. Sikuwa na kitabu. Nilikuwa na maswali yale tu kichwani, na nikawa nayauliza nikiomba yanipeleke kwa kiazi cha bibi.

Jani. La kiazi kikuu lina umbo la moyo, lina kikonyo kirefu, na katikati ya mishipa yake mikubwa kuna wavu wa mishipa midogo. Hili lilikuwa jembamba, limekaa moja kwa moja juu ya shina bila kikonyo, mishipa yake inakwenda sambamba kama ya jani la mahindi. Njia moja ikafungwa.

Namna ya kupanda. Kiazi kikuu kinajizungusha kwenye mti kwa shina lake lote. Shina hili lilikuwa limenyooka, halijazunguka kitu. Nikatazama tena majani, na kwenye ncha ya kila jani nikaona mkia mwembamba uliojikunja kama mkia wa kinyonga. Kwa mikia hiyo mmea ule ulikuwa umekamata vichaka na kupanda. Sijui mmea mwingine wa kwetu wenye jani kama hilo na ua kama lile.

Nikarudi kwenye ua. Stameni sita zimetawanyika kama vidole. Na kile kijiti cha kike kinachotoka kwenye ovari, badala ya kusimama katikati, kiligeuka ubavuni ghafla, kama mtu anayegeuza uso asione. Nikaikata ovari kwa wembe, nikaona vyumba vitatu. Nikachukua kiazi chenyewe. Hakikuwa na vinyweleo vya mizizi. Kilikuwa laini, rangi ya ngozi ya mtama, kimepinda kama pembe ya kiwiko, ncha zote mbili zimechongoka.

Nilianza upya. Niliuliza swali la kwanza tena, nikijaribu kujidanganya kuhusu lile jani, kwamba labda limekauka ndiyo maana limekuwa jembamba. Nikaenda mpaka mwisho na kufika palepale. *Gloriosa superba*. Mwalimu aliwahi kuuleta mmea huo darasani umefungwa ndani ya gazeti, akatuonyesha ule mkia wa jani, kisha akatuambia kwamba jina lake lina maana ya fahari juu ya fahari. Halafu akaenda kunawa mikono. Aliporudi alisema sumu yake iko kila mahali lakini zaidi kwenye mizizi, na aliyekula mizizi hana dawa.

Mama alitoka nje na kikombe. "Unafanya nini na majani? Ndugu yako anakufa humu ndani, na wewe unacheza na majani?"

Nilimwambia tuwapeleke hospitali sasa hivi.

Hospitalini mahema ya wagonjwa wa kolera yalikuwa yamejaa mpaka nje ya uzio. Daktari aliyetupokea alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimwona yaya, akaona anatoka wapi, akaonyesha hema.

"Docteur, si kolera," nilisema, mama akiwa mbali kidogo na mtoto. "Wamekula sumu. Mmea huu." Nilimpa ua, jani na kiazi ndani ya gazeti.

"Madame, kila mutu anayetoka kule ananiambia si kolera."

"Angalia anavyoshika koo. Angalia damu iliyomo kwenye matapishi. Mimi nafundisha biolojia. Huu mmea naujua."

"Unaujua kabisa ao unafikiri?"

Sijawahi kuulizwa swali ambalo nilitamani hivyo jibu langu liwe la makosa. Nikamwambia, "Naujua kabisa." Nikampa jina, nikalirudia herufi kwa herufi.

Alinitazama kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi, "Na dawa yake?"

"Sikufundishwa dawa yake. Nilifundishwa kwamba haina."

Aliwatundikia serumu, maji ya mshipani, wote wawili, akawaweka kwenye chumba kidogo mbali na mahema. Halafu alitoka uani na simu. Alizungumza muda mrefu na mtu aliyemwita mwalimu wake. Aliporudi hakuingia chumbani. Alinikuta mlangoni, akanigusa bega, akasema, "Ulisema kweli." Nadhani alifikiri kwamba kuniambia hivyo kulikuwa aina ya heshima.

Mtoto alianza kupata nguvu mapema. Na cha kunitesa zaidi, yaya naye aliacha kutapika. Siku iliyofuata aliomba uji, akanywa nusu kikombe, akaketi. Mama alipiga magoti pale sakafuni akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka wauguzi wakaja kuchungulia. Mimi nilisimama nyuma ya kitanda nimeshika chuma chake. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba sumu hiyo inaachia hivi, mtu anafikiri amepona, kumbe imeshuka ndani kwenye damu na kwenye mifupa.

Mama alipotoka kwenda kufua, yaya aliniita.

"Uliuliza mutoto juu ya ile ua," alisema. "Niliwasikia. Ulisomea majani. Niambie."

"Pumzika kwanza."

"Niambie. Ile si viazi ya bibi?"

Nikasema hapana. Nikamwambia ni mmea mwingine, unafanana chini ya ardhi, haufanani juu. Hakuuliza jina. Alimtazama binti yake aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha pili.

"Huyu alikula kidogo sana," alisema. "Alisema kichungu, akatema. Nikamukaripia. Nikasema chakula hakitupwe. Halafu nikakula yake."

Yaya alifumba macho kwa muda, halafu akasema, "Basi vizuri." Na baadaye kidogo, "Usimuambie mama. Atakaa anafikiri bibi alitufundisha vibaya."

Kesho yake alianza kutoka damu kwenye fizi. Pumzi ikawa fupi. Mchana wa siku iliyofuata, wakati mama akimpepea na kipande cha boksi, mkono wa yaya ulioshika nguo yangu uliachia. Hakukuwa na jambo jingine la kusimulia. Hakusema neno la mwisho. Alikuwa ameshachoka tangu asubuhi.

Kumzika mtu hapa kwetu ni kazi nyingine. Hatuna udongo. Wanaume wa mtaa walipiga jiwe kwa mitarimbo siku nzima wakapata shimo lisilotosha hata kumpa kina cha heshima, tukamfunika kwa kokoto. Yaya aliyekuwa na udongo mweusi wa Rutshuru, udongo ambao ukichomeka fimbo inaota, tukamfunika kwa kokoto za volkano. Mama alikuwa akirudia jambo moja: "Hata kolera watu wanapona. Wanapewa maji, wanapona. Yeye kwa nini?" Nilikuwa na jibu, na sikumpa. Mama alikufa miaka kadhaa baadaye akiwa na swali lile.

Mtoto alibaki nami. Wiki mbili hivi baada ya mazishi nywele zake zilianza kutoka mafungu mafungu, nikiosha kichwa zinabaki mkononi, mpaka akabaki na kichwa kama yai. Watoto wa mtaa walimkimbia wakisema ana ugonjwa. Nywele ziliota tena, na alipona mwilini. Siku moja, nikichagua maharagwe, alikuja akasimama mbele yangu.

"Mama mudogo, kama singetema, mama hangekula yangu?"

Nilimwambia kwamba ile aliyokula mama yake mwanzoni ilitosha. Huenda ni kweli. Daktari hakujua, mimi sikujua. Sijui kama aliniamini.

Nilijiambia kwamba angalau ujuzi huu usaidie mtu mwingine. Watu walikuwa wakiendelea kushuka kutoka kaskazini, na magharibi ya mji kulikuwa na kambi kubwa ya mahema juu ya lava. Nilitafuta mmea ule kwenye vichaka vya nje ya mji, nikaupata, ukiwa umechanua vizuri ajabu, nikaubeba ndani ya mfuko mpaka kambini. Niliwakusanya wanawake. Nikawaonyesha mkia wa jani, petali zilizokunjika kwenda nyuma, kiazi kilichopinda kama kiwiko. Nikasema ukiona jani lenye mkia hivi, usichimbe, hata mtoto akilia.

Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mwanamke mmoja aliyekuwa ananyonyesha aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu," alisema, "umetuonesha ya kutokula. Asante. Sasa tuoneshe ya kula."

Hakuna aliyecheka. Walisubiri. Niligeuka nikatazama pande zote, nikiwa mtu mwenye diploma, nikaona jiwe jeusi mpaka chini ya mlima, na juu yake nyasi chache ambazo mbuzi walikuwa wameshamaliza. Nikasema lengalenga, mchicha wa kwetu, huota kando ya maji. "Maji gani?" mwanamke akauliza, bila hasira. Nikakunja mfuko wangu. Sikurudi tena kambini.

Niliendelea kufundisha, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Sura ya mimea nilikuwa naifundisha haraka, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Mlima ulimwaga tena, tukakimbia tena, safari hiyo lava haikufika kwetu. Waasi walirudi wakiwa na jina jipya na bendera mpya, na nikajifunza kupita mbele yao bila kuwatazama.

Binti wa yaya amekuwa mtu mzima. Hakupenda shule. Alitaka kulima, lakini mashamba ya baba yake yana watu wengine sasa, wenye bunduki. Aliolewa Vitshumbi, kwenye ziwa la kaskazini, anakausha samaki. Mwaka huu amejifungua. Aliponipigia simu sauti ilikuwa inakatika, nikasikia tu kwamba ni wa kike na ana afya.

"Mama mudogo, utakuja lini?"

Nilimwambia barabara ikifunguliwa. Akasema huko kwao wanasema haitafunguliwa karibuni. Nikamuuliza mtoto wamempa jina la nani, lakini simu ilikuwa imeshakatika. Nimejaribu kumpigia tangu siku ile. Haiiti.